Rivyu ya mchakato wa kufilisika: nimeupitia mpaka mwisho, naupa nyota 4 kati ya 5

Wadau habari zenu. Naona watu wanauliza sana kuhusu kutangazwa umefilisika, inaanzia wapi, unanyang'anywa nini, inachukua muda gani, na majibu mengi wanayopata ni ya mtu aliyesikia kwa mtu. Mimi nimeupitia wote mpaka nikakabidhiwa karatasi ya kuachiliwa na madeni, kwa hiyo naandika kama mtu anayetoa maoni ya huduma aliyoitumia, maana ni huduma kabisa hii, unalipia ada, unajaza fomu, unapangiwa mtu wa kukusimamia, na unatoka na kitu au unatoka mikono mitupu kutegemeana na ulivyoingia.

Nyota 4. Ile moja niliyoikata haihusiani na wahudumu kabisa, inahusu wadhamini, nitafika huko.

Kitu ambacho natamani kila mtu akijue kabla hajasaini popote ni hiki, watu wengi wanaangalia deni lao ni KUBWA kiasi gani afu wanaamua, eti likiwa kubwa sana basi bora kufilisika, likiwa dogo basi vumilia. Ukubwa hauamui chochote hapa. Kinachoamua ni deni lako ni la aina gani. Unaweza ukawa na madeni ya kutisha na yote yakafutika, na mwingine akawa na deni dogo tu ambalo hata afilisike mara tatu litabaki linamsubiri mlangoni.

Nieleze vizuri maana hapa ndo penye mzigo wenyewe.

Kuna madeni yasiyo na dhamana yoyote. Mkopo binafsi wa benki, kadi ya mkopo, mikopo ya kwenye simu, bili za hospitali, kodi ya pango uliyolimbikiza, vitu ulivyochukua dukani kwa mkopo, hela uliyomkopa rafiki. Haya ndo chakula cha ufilisi, ndo yanayofutika. Kama madeni yako karibu yote yapo kwenye kundi hili basi huduma hii imetengenezwa kwa ajili yako na usiogope kuiulizia.

Afu kuna deni lenye dhamana, yaani nyumba uliyoweka rehani, gari ambalo kadi yake inashikiliwa na aliyekukopesha. Hapa watu wanachanganya sana. Ufilisi unaweza kukuondolea wewe wajibu wa kulipa ila haki ya mkopeshaji juu ya kile kitu haiendi popote, kama hulipi atakichukua na kukiuza kama kawaida. Kikiuzwa na hela isitoshe kumaliza deni, ile iliyopungua ndo inageuka deni la kawaida na kuingia kwenye kapu la yale yanayofutika. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema "filisika uokoe nyumba", muulize aina gani ya ufilisi, maana ule wa kuuza mali ugawie wadai hauokoi nyumba yenye rehani ambayo hulipii, kinachoweza kuiokoa ni ule mpango wa kulipa kidogo kidogo. Marekani kwa mfano wanaita Sura ya 7 na Sura ya 13, ya kwanza ni kuuza kilichopo na kufutiwa, ya pili unabaki na mali yako ila unafuata mpango wa malipo wa miaka 3 mpaka 5, na hiyo ya pili ndo inayokupa nafasi ya kufidia marejesho ya nyumba uliyochelewesha.

Kundi la tatu ni madeni yasiyofutika. Matunzo ya watoto, hayo hayaguswi, na binafsi naona ni haki kabisa, mtoto hakukopesha mtu. Faini za mahakama za makosa ya jinai. Deni ulilolipata kwa udanganyifu, mfano ulijaza mshahara wa uongo ili upewe mkopo. Mkopo wa kusomea chuo nao nchi nyingi wameuwekea ukuta, Uingereza unabaki na wewe, Marekani inabidi uithibitishie mahakama kwamba kuulipa kutakutesa kupita kiasi, na ni kesi ndani ya kesi. Kodi ya serikali ndo inatofautiana sana, kuna sheria zinaifuta kama madeni mengine, kuna zinazofuta ya miaka ya nyuma tu na ya karibuni inabaki.

Sasa chukua karatasi, andika madeni yako yote, gawanya kwenye hayo makundi matatu. Kama zaidi ya nusu yameangukia kundi la pili na la tatu, ufilisi utakutoa jasho afu utabaki pale pale. Hii hesabu nilifanyiwa na mshauri wa madeni wa taasisi isiyo ya biashara, bure kabisa, kabla sijalipa senti yoyote kwa wakili, na naona ndo hatua iliyonisaidia kuliko zote. Marekani wenyewe wameifanya ni lazima, lazima upate ushauri wa mikopo ndani ya siku 180 kabla ya kupeleka maombi, na kabla ya kufutiwa unapitia tena somo la kusimamia hela. Mahali ambapo sio lazima, itafute mwenyewe.

Mshauri mzuri utamjua kwa maswali. Wa kwangu aliuliza kwanza nani amenidhamini, afu kitu gani kimewekwa dhamana, afu kipato, afu ndo akauliza jumla ya deni. Ofisi moja niliyopita kabla yake (siitaji) walinipokea kwa kuniambia "ndugu, wewe saini hapa, tunakufutia kila kitu", hawajaona hata karatasi moja. Jamani mtu anayekuahidi kufuta kila kitu kabla ya kusoma madeni yako ni ya nani, ondoka. Na anayekushauri uhamishe kiwanja kwa shemeji kabla hujapeleka maombi, huyo ondoka mbio, nitaeleza kwa nini.

Mshauri pia alinionyesha njia nyingine ambazo sio ufilisi, na watu wengi hawajui kama zipo. Unaweza kukubaliana na wadai kwa pamoja kupitia msimamizi, mkapanga kiwango mnachokubaliana wote na kinachobaki kinasamehewa. Kuna amri ya kulipa kwa mafungu. Kuna utaratibu wa mtu asiye na mali kabisa. Kenya kwa mfano, Sheria ya Ufilisi ya mwaka 2015 imeweka hizo zote, na huo wa asiye na mali ni wa mtu mwenye madeni ya kuanzia shilingi 100,000 mpaka milioni 4 ambaye hana cha kuuza, unamalizika baada ya miezi 12 badala ya miaka 3 ya ufilisi wa kawaida. Usikimbilie mlango mkubwa kama mlango mdogo unakutosha.

Haya, fomu.

Fomu ndo huduma yenyewe aisee. Watu wanafikiri kufilisika ni kusimama mahakamani jaji anagonga nyundo, kumbe asilimia kubwa ya kazi ni karatasi moja refu, maelezo ya mali na madeni, ambayo unaijaza kwa kiapo. Kila unayemdai, kila anayekudai, kila akaunti hata ile yenye hela ya vocha tu, kila chombo cha usafiri, kiwanja, hisa, bima yenye thamani, hela iliyo kwenye simu, samani, kipato chako na cha mwenza wako kwenye matumizi ya nyumba, matumizi ya mwezi yaliyochambuliwa. Utatakiwa stetimenti za benki za miezi ya nyuma, slipu za mshahara, mikataba ya mikopo, barua za wadai, hati za mali. Anza kukusanya mapema maana benki nyingine wanachukua muda wao kukupa stetimenti na wadai wengine wameshauza deni lako kwa kampuni ya kukusanya madeni kwa hiyo anayekudai leo sio yule uliyemkopa, na fomu inataka umwandike wote wawili.

Andika madeni yote. Hata ya mjomba. Najua kuna aibu kumwandika mjomba kwenye karatasi ya mahakama, na wengi wanasema "huyu nitamlipa mwenyewe kimya kimya", ila sheria inataka wadai wote watendewe kwa usawa, ukimlipa mjomba pembeni wakati benki haijapata kitu unaitwa umempendelea, na mfilisi (yule mtu anayepangiwa kusimamia ufilisi wako) anaweza kwenda kuidai ile hela kwa mjomba. Fikiria mjomba aliyekusaidia kwa moyo mmoja anapigiwa simu na mtu wa serikali arudishe hela aliyolipwa. Afu kuna nchi ambazo deni ulilolisahau kuliandika halifutiki, unabaki nalo. Kwa hiyo ukikumbuka jina lolote hata usiku, amka uandike.

Na hii inanirudisha kwa shemeji na kiwanja. Kila mfilisi kazi yake ya kwanza ni kuangalia nyuma. Uingereza anaweza kurudi nyuma mpaka miaka 5 kwa mali uliyotoa bure au kwa bei ya kutupa, na miaka 2 kwa malipo uliyompendelea ndugu au mtu wa karibu, miezi 6 kwa wengine. Marekani ni siku 90 kwa mdai wa kawaida na mwaka 1 kwa ndugu na watu wa ndani, na mali iliyohamishwa kwa hila wanarudi miaka 2 na sheria za majimbo zinaweza kurudi nyuma zaidi. Mali inarudishwa, na wewe unaweza kunyimwa kufutiwa madeni kabisa, na kama ulificha kwa makusudi hilo ni kosa la jinai. Kufilisika sio jinai, kuficha ndo jinai. Naomba hilo likae kichwani.

Maana hofu ya jela naikuta kwa watu wengi mno, na wakusanya madeni wanaitumia vibaya sana kutisha watu. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa mwaka 1966, ibara ya 11, unasema mtu asifungwe kwa sababu tu ameshindwa kutimiza wajibu wa mkataba. Uingereza walifunga kwa sehemu kubwa habari ya jela za wadaiwa tangu 1869. Zipo nchi ambazo bado mahakama inaweza kumweka ndani mdaiwa anayekaidi amri yake ya kulipa wakati uwezo anao, hilo lipo na ulizia kwenu likoje, lakini mtu aliyeishiwa kweli na akaenda mwenyewe mahakamani na karatasi zake zote, huyo yupo kwenye upande salama kuliko yule anayejificha na kuzima simu.

Nikishapeleka maombi ndo nikaelewa kwa nini watu wanalipia hii kitu. Ukimya. Maombi yakipokelewa, au amri ikishatolewa kutegemeana na nchi, kuna zuio linaanza kufanya kazi papo hapo, wadai wa madeni ya kawaida hawaruhusiwi tena kukupigia kudai, kukushtaki, kukata mshahara, kuleta dalali. Kama kesi ilishaanza inasimama. Wanatakiwa waongee na mfilisi. Kwa miezi mingi nilikuwa nashtuka kila simu ikiita, naacha chakula, naenda nje kupokea ili watoto wasisikie, na ghafla zile simu zikakatika. Wachache waliendelea wiki za kwanza kwa sababu taarifa haijawafikia, nilikuwa nawapa namba ya shauri na jina la ofisi ya mfilisi, basi, wanakata. Usibishane nao, usiombe msamaha, usiahidi kitu, wape namba tu. Kwa hii sehemu peke yake ningetoa nyota 5 bila kufikiria mara mbili.

Ila zuio halizuii kila kitu. Matunzo ya mtoto unaendelea kulipa. Mashtaka ya jinai yanaendelea. Mwenye rehani anaweza kuomba ruhusa ya kuendelea au sehemu nyingine hata ruhusa haombi. Na kodi ya pango ya mwezi huu na umeme wa mwezi huu ni vya kulipa, kilichosimama ni cha nyuma.

Mfilisi wangu alikuwa mtu wa taratibu, simsifii wala simlaumu, kazi yake sio kukutetea wewe na hili ulielewe mapema, anafanya kazi kwa niaba ya wadai wote na anatakiwa awe mkweli kwa pande zote. Mahojiano yalikuwa yeye, mimi na faili. Alipita stetimenti mstari kwa mstari, "ndugu, hii hela iliyotoka hapa ilienda kwa nani, ni ya nini, una risiti?" Maswali yake sio ya kukuaibisha ila yanaaibisha kwa sababu ni maisha yako yamewekwa mezani, ada za shule, dawa, mchango wa msiba, na ile mikopo miwili ya simu niliyochukua kulipa mkopo wa tatu. Jibu kwa ufupi, kweli tupu, na kama hukumbuki sema nitatafuta nikuletee afu ulete kweli. Nilichoona ni kwamba mtu mwenye karatasi zake sawa mahojiano yanakuwa mafupi, mwenye mashimo ndo anaitwa mara ya pili.

Kikao cha wadai sitakielezea sana, wengi hawaji. Marekani kwa Sura ya 7 kinawekwa kati ya siku 21 na 40 baada ya maombi, unaapishwa unaulizwa maswali, kwa kawaida dakika chache umemaliza. Vaa vizuri, fika mapema, beba kitambulisho.

Mali sasa. Sio kweli kwamba wanakuja na lori wanabeba mpaka godoro. Karibu kila sheria inaacha vitu vya lazima, nguo, vitanda, vyombo vya jikoni, samani za kawaida, na vifaa vya kazi yako, yaani kama ni fundi cherehani basi cherehani inabaki kwa sababu wakiichukua utaishi na nini na utawalipa na nini. Gari inategemea kama unaihitaji kwa kazi na thamani yake. Mafao ya uzeeni kwa kawaida yanalindwa mpaka ufike muda wa kuyachukua, ila usiyachomoe mapema kulipa madeni, hela ikishaingia kwenye akaunti yako inageuka hela ya kawaida na inaenda. Naona watu wengi wanatoa akiba ya uzeeni kuilisha benki miezi mitatu afu wanafilisika hivyo hivyo, inauma sana kuona.

Kinachoondoka ni kiwanja, nyumba ya pili, hisa, hela ya akiba, vitu vya thamani, na sehemu yako kwenye nyumba mnayomiliki wawili. Hiyo ya mwisho inaleta vita majumbani. Mfilisi anachukua sehemu yako tu, ya mwenza wako haigusi, lakini nyumba haikatwi katikati, kwa hiyo anaweza kuomba iuzwe yote mwenza apewe chake, au mwenza anunue sehemu yako kwa bei halali. Uingereza mfilisi ana miaka 3 ya kuamua kuhusu nyumba unayoishi, akikaa kimya ikapita inarudi kwako. Zungumza na mwenza wako KABLA, kabla kabisa, asije akajua kwa barua.

Na urithi. Ukirithi ukiwa bado ndani ya muda wa ufilisi lazima useme, Uingereza ndani ya siku 21, Marekani wanahesabu urithi utakaoupata ndani ya siku 180 tangu maombi. Kama una mzazi mgonjwa sana na kuna mali, ongea na wakili juu ya muda wa kupeleka maombi. Najua ni jambo gumu kulitamka lakini ni la kweli na familia nzima inaweza kuumia.

Nimefika kwenye nyota niliyoikata.

Ufilisi unakufutia WEWE. Haumfutii mdhamini wako. Yule mtu aliyesaini chini ya jina lako, au mliyekopa naye kwa pamoja, siku zuio linapowafungia wadai mlango kwako wanageuka wote kwake, na wanamdai kiasi chote, sio nusu. Kisheria wana haki. Mdhamini wangu ni mtu wa karibu sana, sitasema zaidi, na zile simu zilizokatika kwangu zilianza kuita kwake wiki ile ile. Nilikuwa nimeambiwa na mshauri, nilikuwa nimemwambia naye mapema tukakaa tukapanga, alikuwa ameshaenda benki kuomba apewe muda, na bado ilikuwa nzito kwake kuliko ilivyokuwa kwangu. Mimi nilikuwa na amri ya mahakama mkononi, yeye alikuwa na mshahara wake tu. Sura ya 13 kule Marekani ina kinga ya mdhamini kwa mikopo ya matumizi binafsi wakati mpango wa malipo unaendelea, na natamani sana kila nchi ingekuwa na kitu kama hicho, maana sheria inayomhurumia aliyekopa na kumwacha aliyemsaidia inaumiza mtu asiye na hatia. Kama una mdhamini, na hasa kama mdhamini ni mzee au mtu wa kipato kidogo, tafuta kwanza ule mpango wa kulipa kidogo kidogo, hata kama kwako wewe ni mrefu na mgumu zaidi.

Vizuizi vya kipindi chenyewe ni vya kuvumilika kwa mtu wa kawaida. Huwezi kukopa kiasi fulani bila kumwambia mkopeshaji kwamba umefilisika, Uingereza ni kuanzia pauni 500. Huruhusiwi kuwa mkurugenzi wa kampuni bila ruhusa ya mahakama. Australia unaomba ruhusa ya mfilisi kusafiri nje ya nchi. Kenya huwezi kugombea ubunge. Kama ni mwanasheria, mhasibu, au unafanya kazi inayoshika hela za watu, soma kanuni za chama chako cha taaluma kabla, wengine wanapoteza leseni. Benki inaweza kufunga akaunti yako bila maneno mengi, kwa hiyo fungua mapema akaunti ya kawaida isiyo na mkopo kwenye benki ambayo hudaiwi, mshahara upite huko. Na kama kipato chako kinazidi matumizi ya lazima unaweza kuagizwa kuchangia kila mwezi, Uingereza mpaka miaka 3, hata kama ufilisi wenyewe umeshaisha.

Siri hakuna. Jina linatangazwa, kwenye gazeti la serikali au rejista ya wazi mtu yeyote anaweza kuangalia. Australia rejista yao inakaa na jina lako milele. Nilikuwa naogopa hii kuliko mali, lakini niwaambie ukweli, anayesoma hizo rejista ni benki na wanasheria. Majirani hawasomi. Waliojua ni niliowaambia mwenyewe, na wawili kati yao wakanivuta pembeni wakaniuliza namba ya yule mshauri.

Muda unategemea uko wapi. Uingereza kwa kawaida unaachiliwa baada ya miezi 12, ila ukifanya ujanja wanaweza kukuwekea vizuizi vya miaka 2 mpaka 15. Marekani Sura ya 7 ni kama miezi 4 tangu maombi. Ujerumani walishusha mpaka miaka 3 kwa sheria ya 2020. Kenya ni miaka 3, na hesabu inaanza siku umewasilisha ile fomu ya mali na madeni, sio siku ya amri, kwa hiyo kila mwezi unaochelewesha fomu unajiongezea mwenyewe. Tanzania ni tofauti, hakuna kuachiliwa kwa muda kupita, mahakama ndo inakuachilia ukiomba. Ulizia hili mapema kwa sababu kuna watu wamekaa miaka wakidhani imeisha yenyewe kumbe hawajawahi kuomba.

Ukipewa karatasi ya kuachiliwa itoe kopi nyingi, iskani, itume kwenye imeili yako. Afu omba ripoti yako ya mikopo na uisome mstari kwa mstari kama mfilisi alivyosoma stetimenti zako. Rekodi ya ufilisi itakaa, Uingereza miaka 6, Marekani mpaka miaka 10 kwa Sura ya 7, hilo ni halali. Isiyo halali ni deni lililofutwa kuendelea kuonekana kwamba unadaiwa na hujalipa. Kwangu yalikuwepo mawili ya hivyo, niliandika barua, nikaambatanisha kopi, wakasahihisha. Na mwaka mmoja baadaye kampuni moja ya kukusanya madeni ikanipigia kudai mojawapo ya yale yale, wameuziana faili bila kuangalia, nikawasomea namba ya shauri na tarehe ya kuachiliwa, dada wa upande wa pili akasema samahani, akakata.